Unga wa Muhogo Kwenye Madigadi

Kile kipande cha plastiki nyeusi kinachoning'inia kwenye msumari pale bandani kwangu, naomba mtu asikiguse. Juzi kuna jamaa alikuja kuziba pancha, akakishusha bila hata kuuliza, eti akatengenezee paa la banda la kuku. Nilimfokea mpaka akaondoka akasahau kofia yake. Baadaye nikaona aibu, maana yeye alijuaje? Basi acha nieleze mara moja, nisiulizwe tena.

Naitwa Domisiana. Hapa Mugoma wananiita Mama Pancha, na siudhiki. Ufundi alinifundisha marehemu mume wangu, Protasi. Miaka kumi na sita tulilala chini ya magari ya watu, yeye upande huu, mimi upande ule, tukigombania spana. Alipofariki nikavaa ovaroli lake, nikakunja miguu ya suruali, nikaendelea na kazi. Mwanzoni madereva walicheka. Sasa wanapanga foleni. Natandika gunia, nalala chali, mafuta yakinidondokea usoni nafuta kwa kiganja. Gari la padri nimeingia chini yake, lori la kokoto nimeingia chini yake. Gari moja tu ndilo ambalo sikuingia chini yake, na ndani yake walikuwamo binti yangu na mjukuu wangu.

Lilikuwa Noah la mkwe wangu, Venance, mume wa Priscila wangu. Venance alikuwa mtu wa Biharamulo, ila waliishi Ngara mjini, akibeba abiria na mizigo. Mrefu, mpole, mtu wa aibu sana. Na hapa lazima nieleze mambo ya ukwe, la sivyo utasema nilikuwa mjinga tu. Kwetu, mama mkwe, tunamwita mabukwe, hakaribiani na mume wa binti yake. Hawali pamoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni. Ukiwa na neno la kumwambia, unampitishia binti yako. Vijana wengi siku hizi wameshayaacha hayo, unakuta mkwe anakupigia simu kukuuliza umeamkaje. Venance wapi! Mtu wa kuja, lakini alizishika desturi zetu kuliko sisi wenyewe. Miaka minne ya ndoa, hakuwahi kunitamkia neno moja mimi mwenyewe. Hata shikamoo alimtuma mke wake ailete. "Mama, Venance anakuamkia." Nami nasema, "Mwambie marahaba." Nilijivunia jambo hilo, nisikudanganye. Majirani waliniambia, Domisiana, wewe umepata mkwe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, mwaka juzi. Walikuja asubuhi na mtoto wao, Akimana, miezi saba, mnono, meno mawili. Alikuwa amebatizwa wiki moja kabla, na siku hiyo walikuwa wanampeleka Biharamulo kwa mara ya kwanza wazazi wa Venance wamwone. Mtoto wa kwanza haendi kwa babu yake mikono mitupu. Nilikuwa nimewaandalia mikungu kumi na miwili ya ndizi, madumu sita ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, gunia la maharage na mbuzi. Ukoo mzima ulikuwa umekusanyika kule unasubiri, na simu ya Priscila ilikuwa inaita kila baada ya robo saa: mmefika wapi, mmefika wapi.

Priscila akanifuata bandani akiwa na mtoto mgongoni. "Mama, gari linakwaruza. Tairi la mbele la kushoto."

"Linakwaruza wakati gani?"

"Likiwa tupu halisemi kitu. Likibeba mzigo, linalia krrr, krrr, humo ndani ya madigadi."

Mimi siku hiyo sikuwa na ovaroli. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya na kilemba, maana mkwe anakuja. Huwezi kumpokea mkwe ukiwa ndani ya suruali, hata kama mkwe mwenyewe anajua kazi yako. Yeye alikuwa amekaa kwenye usukani, hatua ishirini kutoka nilipo, anatazama mbele. Nikasogea upande wa kushoto bila kuangalia dirishani, nikainama kidogo nikachungulia. Alikuwa amefunga matairi ya namba kubwa kwa ajili ya tope la masika. Nikatabasamu. Matairi makubwa kugusa plastiki ya ndani ya madigadi ni jambo la kila siku. Nikasema moyoni, hili nalimaliza kabla chai haijapoa.

Protasi alikuwa na njia yake ya kutafuta mahali tairi linapogusa. Unakoroga unga wa muhogo na maji, uzito wa uji wa mgonjwa, unapaka ndani ya madigadi zote mbili za mbele, unaacha ukauke. Kisha gari linapakiwa mzigo, linazungushwa. Likirudi unaangalia unga umefutika wapi. Nikapaka. Tukapakia ndizi, madumu, maharage, na mbuzi akafungwa nyuma. Nikamwambia Priscila, "Mwambie aende hadi sokoni na kurudi, akate kona kulia na kushoto mpaka mwisho wa usukani, apite na kwenye mashimo."

Kwa mteja mwingine yeyote, hapo mimi ningepanda kiti cha mbele na kusikiliza kwa masikio yangu. Ningesikia mlio unakuja wakati gani, kwenye kona, kwenye shimo, au kwenye breki. Lakini nikae kiti kimoja na mkwe, bega kwa bega? Haikunijia hata akilini. Nikasimama barabarani na mikono kiunoni nikingoja warudi.

Walirudi. Upande wa kulia unga ulikuwa mweupe vile vile, haukuguswa hata kidogo. Upande wa kushoto ulikuwa umefutika sehemu moja, kwa nyuma, upande wa mlangoni, upana wa kiganja changu. Plastiki yenyewe ilikuwa inang'aa, na nilipoigusa ilikuwa ya moto.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama na kufikiri. Matairi yote mawili yalikuwa namba moja, sasa kwa nini liguse moja tu? Na mzigo ukikandamiza gari, tairi linapanda, lingegusa juu, si nyuma. Niliyaona hayo. Fundi wa wiki moja angeyaona. Nikamwambia Priscila, "Hebu muulize mwenzako, tairi hili liliwahi kugonga kitu?"

Akaenda dirishani. Wakanong'ona, wakanong'ona, nami nikajifanya naangalia mawingu. Aliporudi alikuwa anajishika sikio. Priscila akidanganya hushika sikio, tangu alipokuwa mtoto wa kuiba sukari.

"Anasema hapana, mama. Ni tairi tu ni kubwa."

Nililiona lile sikio. Lakini nimkazie binti yangu, maana yake ni kumwita mkwe mwongo mbele ya mke wake. Nikanyamaza.

Kulikuwa na njia moja ya kujua kwa hakika. Unainua gari kwa jeki, unaingia chini, unachukua mtaimbo, unauchokonoa ule mkono wa chuma wa chini unaolishika tairi lisiende mbele wala nyuma. Kama unacheza, utauona unacheza. Kazi ya dakika kumi. Lakini mimi na kitenge changu nilale chali pale, miguu nje, na mkwe amekaa juu yangu kwenye usukani? Yesu na Maria! Ningeweza kumwambia Priscila ampeleke mume wake akanywe chai, nami nikabadili nguo. Nililifikiria hilo, sitaki kusema sikulifikiria. Simu ikaita tena kutoka Biharamulo, Priscila akasema, "Mama, fanya haraka, watatucheka." Nikachukua kisu cha kukatia mipira, nikaingiza mkono, nikaikata ile plastiki pale ilipong'aa, nikaitupa kwenye meza ya kazi.

Venance akaenda tena na kurudi. Kimya. Gari liliteleza bila mlio hata mmoja. Priscila akapiga makofi, mtoto naye akacheka kwa kuwa mama yake anacheka. Na Venance, kule kwenye usukani, akainamisha kichwa hadi kipaji kikagusa mikono yake. Kunishukuru. Nami nikavimba kichwa, mama mkwe fundi, nani kama mimi!

Waliondoka saa tano. Nikafagia unga ulioanguka, kuku wakanizunguka wakidonoa. Sijui nieleze vipi, lakini sikuwa na raha. Nilimenya viazi nikajikata kidole. Nilinawa mikono mara mbili kama mtu aliyeshika kitu kibaya. Protasi alikuwa mkali kwenye jambo moja tu katika kazi yake: usikate kitu mpaka ujue kwa nini kinaguswa. Alinigombeza kwa hilo mara ngapi! Nikaenda kuvaa ovaroli, bila sababu yoyote, nikakaa kwenye benchi.

Saa sita na nusu akaja Renatus, dereva wa bodaboda kutoka Keza, na msumari kwenye tairi la nyuma. Nikalifungua tairi, nikatoa mpira wa ndani. Yeye akawa anazungukazunguka bandani akishika hiki na kile, akaiokota ile plastiki.

"Hii ya gari gani, Mama Pancha?"

"Ya mkwe wangu. Matairi makubwa."

"Venance? Lile Noah?" Akacheka kwa mshangao. "Kumbe bado linatembea! Mimi nilidhani atalibadilishia ule mkono wa chini."

Mikono yangu ikasimama. "Mkono gani?"

"Hukuambiwa? Mwaka jana, walipokuja kwenye msiba kule kwetu, alikwepa ng'ombe akagonga kalvati. Tairi la kushoto likaingia ndani hivi. Sisi ndio tulimsaidia kulitoa mtaroni. Ule mkono ulikuwa umekatika nusu, kijana mmoja wa kuchomelea akaupiga nyundo na kuuchomelea. Tukamwambia, hii ikufikishe nyumbani tu."

Mama yangu wee. Nikauona ule unga uliofutika kama vile bado uko mbele yangu. Ufa ulikuwa unafunguka pale palipochomelewa. Kila anapokanyaga breki na mzigo, tairi linavutwa nyuma, linagusa plastiki, linalia. Lile krrr ndilo lilikuwa linatuambia. Nami nilikata kelele, ufa nikauacha pale pale, nikawapakia ndizi na madumu juu yake, nikawapungia mkono.

"Washa pikipiki!" nikamwambia Renatus.

Akanitazama. Tairi lake la nyuma lilikuwa mikononi mwangu.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikahesabu kichwani: Ngara mjini watakuwa wamepita, wamenunua mkate, wamesimama kumbadilisha mtoto, sasa hivi wanaanza kushuka kuelekea Ruvubu. Mteremko mrefu, kona juu ya kona, breki mwanzo mwisho. Nilipiga mara ya tatu nikitembea barabarani huku na huku, nikiongea na Mungu kwa hasira, wallahi nilimfokea. Ikaita.

"Mama!" Sauti ya Priscila ilikuwa ya furaha. "Tunashuka, upepo ni mzuri, Akimana amelala."

"Priscila, sikiliza. Mwambie Venance asi..."

"Mama? Mtandao unakatika. Unasemaje?"

"Mwambie ashushe gia!"

"Ashushe nini?"

Na hapo hasira ikanipanda, hofu ikanipanda, nikapiga kelele: "Mpe simu! Mpe simu yeye mwenyewe!"

Neno hilo alilisikia vizuri. Nikamsikia akisema pembeni, "Mama anakutaka wewe." Na sauti ya mwanamume, nzito, ya kushtuka: "Mimi?" "Wewe." Wakasemezana jambo. Kisha Priscila akanirudia: "Subiri, mama. Anasema hawezi kuongea na wewe huku anaendesha, si heshima. Anasimamisha gari."

"Asisimame! Asikanyage breki! Priscila!"

Lakini simu ilikuwa tayari imeondoka sikioni mwake, inapelekwa kwenye sikio la mume wake. Nilisikia nguo ikikwaruza, pumzi, halafu ile sauti ambayo kwa miaka minne sikuwahi kuisikia ikisema nami.

"Shikamoo, mama."

Nyuma ya sauti hiyo matairi yalikuwa yanasaga kokoto, gari linapungua mwendo. Nilifungua mdomo. Kitu kikavunjika, pa, mlio mmoja mkavu. Priscila akapiga yowe la Yesu. Madumu yakagongana, mbuzi akalia, nikasikia miti inapigwa. Halafu Akimana analia, analia sana, na simu ikakatika. Renatus ananiambia nilikaa chini barabarani na simu sikioni, nikisema halo, halo, mpaka wakaja watu kunitoa.

Akimana hakupata hata mkwaruzo. Mama yake alimkumbatia, na mama yake akavunjika mkono na mfupa wa bega. Tairi lilikunjika likaingia chini, gari likatoka barabarani upande wa kushoto na kuteremka kwenye mikaratusi. Venance alikuwa na mkono mmoja tu kwenye usukani, maana mwingine ulikuwa na simu. Alifariki kabla hawajamfikisha hospitali.

Nilimkuta Priscila wodini kesho yake, mkono umefungwa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, ya kumgombeza, ya kumuuliza kwa nini alinificha habari ya Keza. Akaniambia kabla sijauliza. "Nilikuwa na mimba ya Akimana siku ile, mama. Alisema, mama yako akijua nilikutumbukiza mtaroni na mimba yako, nitamwamkia vipi tena? Akaniomba nisikwambie."

"Na wewe ukanyamaza! Mimi ni fundi, Priscila! Nilikuuliza kama fundi!"

Akaniangalia, macho makavu. "Na wewe mama, kwa nini hukuingia chini ya gari?"

Nilitaka kusema kitenge, nilitaka kusema heshima, nilitaka kusema haraka zenu na simu zenu. Nikamchukua mtoto, nikatoka naye nje kwenye korido.

Tulimzika Biharamulo, kwa baba yake. Ukoo ule ule uliokuwa umekusanyika kumpokea mtoto ulikuwa bado upo, hata turubai hawakuwa wameshusha. Wakati wa kuaga ulipofika, wanawake wa upande wetu wakanishika kitenge. Mabukwe haendi kumtazama mkwe usoni, wakasema, kaa hapa, tutakuagia. Nikaiondoa mikono yao, si kwa upole. Nikapita katikati ya watu hadi kwenye jeneza.

Kabla ya siku hiyo sikuwahi kumtazama usoni. Alikuwa na kovu dogo kidevuni, la zamani, la utotoni. Alikuwa na masikio kama ya Akimana. Watu walikuwa wananong'ona nyuma yangu, na baba yake alikuwa ananitazama. Nikainama mpaka karibu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Nikarudia kwa nguvu, wote wasikie.